Kidole Hakinunui Mushanana

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza tumerudi kwetu kutoka Tanzania, nauza vitenge vya shangazi yangu sokoni Kabuga. Akaja kijana mwenye sauti, akasema atanijazia meza. Nimlipe kwa kila mtu atakayemleta. Kweli, watu walikuja! Walipapasa vitambaa, wakasifu, wakaondoka, na yeye kila mara kiganja mbele. Shangazi aliporudi hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mlipatana umlipe kwa mguu unaokuja, au kwa mkono unaonunua?" Sikujua hata kama ni mambo mawili.

Ndiyo maana mwaka huu damu imenichemka.

Diane, binti wa kaka yangu, ana duka la mishanana, yale mavazi yetu ya harusi ya kufungwa begani, pale Gisimenti. Akiba aliyoiweka kwa ajili ya vitambaa vya msimu wa harusi aliitia yote kwenye tangazo la mtandaoni, kupitia wakala mmoja mwenye maneno laini. Bei ni ndogo, alimwambia, ni ya kubofya tu. Yaani kila anayegusa tangazo, Diane anakatwa pesa. Hilo la kukatwa alilipitia haraka haraka.

Nasi wanakwaya wenzake wa kanisani tukafurahi kama wajinga. "Tumuunge mkono mtoto wetu, bofyeni!" tuliandikiana kwenye simu kila asubuhi. Nami nilibofya, kwa kidole hiki hiki. Tulidhani tunamchangia kama tunavyochangia harusi. Kumbe tulikuwa tunamla. Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu, lakini pia haba na haba hukimaliza.

Pesa iliisha kabla bibi harusi hata mmoja hajaingia dukani. Diane akampigia wakala nikiwa nimekaa pembeni.

"Dada, masharti iko wazi rwose, kabisa," alijibu. "Mimi nauza kubofya, siuzi wateja. Na tangazo yako watu wanaipenda sana!"

Wanaipenda! Nikamnyang'anya Diane simu. "Kijana, hukuona ni watu wale wale, wanagusa na kutoka?"

"Niliona, Mama. Lakini hakuna mwenye aliniuliza."

Nimetukanwa na watu wengi maishani, hakuna tusi lililoniuma hivyo. Hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu, maana kimya ndicho kilichomlipa, na Diane yuko pale analia kati ya henga tupu za nguo, msimu unapita.

Sasa nisikie. Kuuliza si ujinga, na anayekuharakisha usiulize anakuibia. Kabla hujatoa pesa, sema: nalipia nini? Tangazo kuonekana, kuguswa, au mtu kununua? Usisaini mpaka ujibiwe kwa lugha unayoota nayo ndoto usiku. Weka kikomo cha kila siku, pesa ikifika hapo tangazo lizime. Halafu waambie ndugu na marafiki: mnaonipenda, msiguse tangazo langu, nileteeni bibi harusi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe miguu inayokuja na mikono inayonunua, akuepushe na wanaoona wakanyamaza. Na sisi tunaokupenda, atufundishe kuweka vidole vyetu mfukoni.