Mshiriki wa Kumi na Saba

Mama alinikuta mezani nikipanga fomu zangu, akavuta kiti akaketi.

"Hao akina mama unaowauliza maswali," akasema, "huwa wanaongea kweli?"

"Wanaongea. Wengine hata saa nzima."

"Sasa mimi mbona huniulizi?"

Mwaka huo nilikuwa nasomea shahada ya uzamili katika afya ya wanawake. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tukitafiti habari za wachuna chai waliojifungua watoto wakiwa tayari wamekufa: walihudumiwa vipi hospitalini, walirudi shambani baada ya siku ngapi, nani aliwapa pole. Mwenzangu alikuwa Mkipsigis wa Sosiot, kwao wana chai kidogo na ng'ombe wa maziwa. Mimi nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kampuni, mtoto wa watu waliotoka kando ya ziwa kuja kutafuta kazi Kericho. Kwa hiyo tuligawana. Yeye aliongea na wenyeji kwa Kikipsigis, mimi nikaongea na watu wa kwetu kwa Kijaluo.

Nilidhani Mama hajaelewa. Mimi ndimi kifungua mimba wake, na baada yangu kuna ndugu zangu wawili, wote wazima.

"Mama, haya maswali ni ya mtu aliyepoteza mtoto."

"Ndiyo hayo nasema."

Alisema akiangalia zile fomu, akizilainisha kingo kwa vidole vyake ambavyo miaka ishirini na zaidi ya kuchuna ilikuwa imevifanya vyeusi kwenye ncha. Mashine zilikuwa zimekuja zikachukua kazi yake, lakini ile rangi ilibaki. Ningemwambia, Mama, niambie sasa hivi, acha hizi karatasi. Badala yake nikamweleza sheria ya chuo: mtafiti hamhoji mtu wa familia yake.

"Haya," akasema. "Basi niulizwe na huyo mwenzako, kwa Kiswahili."

Wiki iliyofuata nilimleta kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, tulichokuwa tumeazimwa kwa ajili ya mahojiano. Mwenzangu alimsalimia kwa heshima, akamwandika mshiriki wa kumi na saba, akawasha kinasa sauti, akafunga mlango. Mimi nikakaa nje kwenye benchi. Mvua ya alasiri ilianza, ikapiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba hata kama ningetaka kusikiliza nisingesikia neno. Walikaa humo zaidi ya saa moja.

Mama alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini alitembea kama mtu aliyetua mzigo. Njiani akaniambia, "Huyo msichana anajua kusikiliza."

Maneno hayo yaliniuma. Nilikuwa nimeketi mbele ya wanawake wengi, nimejifunza kunyamaza wanapolia na kungoja wamalize. Nyumbani sikuwa nimewahi kumuuliza mama yangu swali hata moja la namna hiyo.

Nilimuuliza mwenzangu mara moja tu Mama alimwambia nini, tukiwa tunashuka kutoka kituo cha afya. Alisimama katikati ya njia.

"Usiniulize," akasema. "Aliniambia mimi kwa sababu nilimwahidi. Ukitaka kujua, muulize mwenyewe. Si yuko?"

Alikuwepo. Nilijiambia nitamuuliza nikimaliza kukusanya habari, kisha nikasema nikimaliza kuandika. Niliogopa. Nafikiri yeye naye alikuwa akingoja, maana siku zingine nikimtembelea alikuwa akizima redio, akaniangalia, na mimi nikaanza kumweleza mambo ya chuo.

Presha ilimwangusha asubuhi moja akichuma sukuma wiki nyuma ya nyumba. Alikaa wodini siku tano, upande mmoja wa mwili umekufa, ulimi mzito. Siku ya tatu nikainama nikamuuliza sikioni, kwa Kijaluo, "Mama, yule mtoto alikuwa wa kwanza?" Alinishika mkono. Alijaribu kusema, midomo ikacheza, nikasikia neno moja tu: nyathina, mtoto wangu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiita mimi au alikuwa ananijibu.

Tulimzika kando ya ziwa, pembeni ya Baba.

Niliporudi, mwenzangu alikuwa ameshaandika sura yake ya matokeo, na profesa wetu akanitumia niisome. Chini ya ukurasa mmoja palikuwa na maneno ya mshiriki wa kumi na saba: "Siku ya nne nilirudi kwa chai. Maziwa yalikuwa yanalowesha nguo, na kikapu kiko mgongoni. Nilichuna tu. Nani angeniuliza?" Sikuweza kuendelea kusoma siku hiyo.

Utafiti ulipokwisha, ilibidi sauti zote tulizorekodi zifutwe. Ndivyo fomu ilivyosema, na Mama alikuwa ameweka sahihi. Nilikwenda kwa profesa nikamwomba niachiwe ile moja. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, na alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "kama angekuwa mama wa mtu mwingine, wewe ungempa binti yake?"

Nilijua jibu. Tulikaa watatu ofisini kwake, mwenzangu akafungua kompyuta, akazifuta moja moja tukihesabu kwa sauti. Alipofika kwa ile ya kumi na saba mkono wake ulisimama. Nikamwambia aendelee. Kisha nikatia sahihi kwamba nimeshuhudia.

Tulifaulu wote. Hospitali moja tuliyoipelekea ripoti ilitenga vitanda viwili mbali na wodi ya wazazi, ili mama aliyepoteza mtoto asilale akisikia watoto wa wenzake wakilia. Nilikwenda kuviona. Vilikuwa vitanda vya kawaida, vimetandikwa shuka za buluu, na kimoja kilikuwa na mtu, amegeukia ukuta.

Jumapili moja mwenzangu akanipeleka kwao Sosiot. Mama yake alinikaribisha, akanimiminia mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kikombe, akaketi karibu nami. Tangu msiba hatukuwa tumeonana.

"Sikumjua mama yako," akasema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwenzangu aliinuka taratibu akatoka nje. Nikaanza kusema. Nilisema alipenda kuimba alto kanisani, alichukia ugali mlaini, alituosha miguu sisi sote watatu kwenye karai moja. Yule mama alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika mwisho wa nilichokijua, niliona ni kidogo, naye akaniongezea maziwa.