Sijalewa, Daktari

Mwalimu mkuu aliniita ofisini wakati wa mapumziko, akafunga mlango nyuma yangu. Hakuwa na kawaida ya kufunga mlango akiwa na mwalimu wa kike. Akapangapanga chaki mezani, kisha akaniuliza, bila kunitazama usoni, kama nilikuwa na tatizo la pombe.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya Mabatini, na maisha yangu yote sikuwa nimeonja pombe zaidi ya ile divai ya ushirika kanisani. Nikafungua mdomo nimjibu, na jibu likachelewa. Ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Maneno niliyajua, lakini kati ya kuyajua na kuyatamka palikuwa na mlima. Yakitoka, yalitoka kwa sauti nzito ya kukwaruza, na ulimi umejaa mdomoni kama kipande cha ugali kisichomezeka.

"Mimi... sinywi, mwalimu."

Nilijisikia mwenyewe nilivyosema. Ningekuwa mimi ndiye niliyekaa kwenye kile kiti chake, nisingeamini.

"Wazazi wanalalamika," akasema. "Wanasema unasinzia mezani. Na uso wako, samahani, uso umevimba. Kama kuna matatizo nyumbani, niambie."

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

Nikazitazama chaki zake. Sikuwa namficha. Nilikuwa nimeshazunguka kwa madaktari zaidi ya mwaka, na hakuna aliyeniambia jambo ambalo mwezi uliofuata lilikuwa bado kweli.

"Basi daktari aseme," akamalizia. "Nakupa mpaka shule zifungwe. Baada ya hapo sitaweza kukutetea."

Ugonjwa wangu ulianza kimyakimya, mwaka ambao mume wangu alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo. Walipunguzwa wengi, kiwanda kikaachwa kinangoja mnunuzi. Yeye akaenda ufukweni kutengeneza injini za mitumbwi ya wavuvi wa sangara, akawa anarudi nyumbani Kiseke jioni ananuka petroli na samaki. Nani asingechoka mwaka ule? Nilipoanza kushindwa kunyanyua ndoo ya maji, nikajiambia ni mawazo. Nilipoanza kulala na sweta, nikajiambia ni upepo wa ziwa.

Lakini baridi ile haikuwa ya upepo. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mawe makubwa, kama yalivyo mawe ya Mwanza yote, na mchana yalikuwa yanaungua kiasi kwamba watoto hawakuthubutu kuyakanyaga bila viatu. Mimi nilikuwa naenda kuyaegemea. Nakaa pale jua la saa nane, nimejifunga kitenge juu ya sweta, mgongo umegusa jiwe, na bado ndani ya mifupa nasikia baridi. Nywele zilibaki kwenye kitana. Chakula kilinishinda na bado nilizidi kunenepa, hata jirani yangu mmoja akaniuliza kwa furaha mgeni anakuja lini. Hapakuwa na mgeni. Kulikuwa na damu ya mwezi isiyojua kukoma.

Mabatini miaka ile zahanati za watu binafsi zilikuwa zinachipuka kama uyoga. Kila uchochoro una kibao chenye msalaba mwekundu. Ya kwanza niliyoingia walinitoboa kidole, wakasema malaria. Nikameza klorokwini, nikajikuna wiki nzima. Nikarudi, wakasema malaria imekuwa sugu. Zahanati ya pili walisema taifodi. Ya tatu, ili wasikosee, walisema vyote viwili. Ndipo nikaenda hospitali, kwa daktari aliyesifiwa mjini kwamba amesoma nje.

Alikuwa mtu mzima, nadhifu, mwenye kalamu nzuri. Aliishika kalamu ile muda wote. Sikuwahi kumwona bila kuandika.

"Unasumbuliwa na nini?"

"Nachoka, daktari. Na nasikia baridi."

"Homa."

"Siyo homa. Baridi. Hata jua likiwaka."

"Baridi ndiyo homa hiyo, mama," akasema, na mkono ulikuwa umeshaandika.

Safari ya pili nilimwambia juu ya kunenepa. Akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia ugali kidogo, samaki kidogo, mara nyingi hata simalizi. Akacheka, siyo kwa ubaya, akasema wanene wote duniani wanakula kidogo, nipunguze ugali na nitembee. Nilitoka pale nikatembea. Nilifika kwenye kituo cha magari nikakaa chini, nikashindwa kunyanyuka, na watu wakanipita wakidhani ninauza kitu.

Safari ya tatu ilikuwa baada ya mwalimu mkuu kunifungia mlango. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeyarudia maneno yangu njia nzima, kama mtoto anayekwenda kukariri shairi. Nilitaka kumwambia kuhusu sauti, nywele, damu, ulimi. Lakini nilikuwa mzito wa kusema na yeye alikuwa mwepesi wa kuuliza.

"Mume wako anafanya kazi gani?"

Nikamwambia alikuwa kiwandani, akapunguzwa.

"Aa!" Uso wake ukachangamka. "Sasa tumefika. Mama, una mawazo. Wanawake wengi wananijia hivi siku hizi. Hali ya maisha."

"Lakini daktari, mimi..."

"Nitakupa vidonge vya kukutuliza. Ulale vizuri. Mgonjwa mwingine!"

Nilitulia. Kama kuna kitu ambacho mwili wangu haukuhitaji, ni kutulizwa. Jumapili iliyofuata asubuhi watoto wangu wawili walikuja kuniamsha niwavalishe nguo za kanisani. Niliwasikia. Niliisikia sauti ya mdogo ikiniita mama, mama, kwanza kwa utani, halafu kwa kulia, na mimi nilikuwa chini kabisa, kama mtu aliyezama anayewasikia watu waliosimama ukingoni. Nilitaka kusema nipo. Mdomo haukufunguka. Mume wangu aliingia, akanishika shavu, akashtuka. Baadaye aliniambia nilikuwa na ubaridi wa samaki wa barafu.

Aliomba pikapu ya mfanyabiashara wa samaki, na wakati jirani ananivalisha, akamtuma mtu Buswelu kumwita mama yangu. Mama alinikuta hospitali, kitandani, nimefumbua macho nusu. Alikuwa mkulima wa mpunga na pamba, Msukuma wa kwelikweli, Kiswahili alijifunzia sokoni na herufi ya "r" haikuwahi kumkubali. Wazungu na watu wa serikali alikuwa anawaogopa sawasawa.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa yule yule. Akainama karibu na mdomo wangu, akavuta pumzi.

"Amekunywa nini huyu?" akamuuliza mume wangu.

Sijui nguvu ile niliitoa wapi. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale tangu ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Sijalewa... daktari."

Yalitoka polepole, mazito, yamevurugika. Muuguzi aliyekuwa kando akatazama pembeni. Nilijua anachofikiri. Machozi yakanitoka, na hata machozi yalikuwa yanakwenda taratibu.

Daktari akachukua kalamu yake. Hapo mama akasogea, akasimama kati ya kitanda na ile meza ndogo aliyotaka kuandikia.

"Shikamoo, daktali," akasema. Alikuwa mkubwa kwa daktari kwa umri wa mzazi, na bado alimwamkia.

Daktari akaaibika. "Marahaba... hapana, mama, shikamoo ni yangu."

"Unaandika nini? Hujamshika hata mkono."

"Mama, tuache tufanye kazi."

"Mimi nimemzaa. Huyu anaimba kwaya, sauti ya juu kabisa, ile ya kwanza. Ulizeni kanisani. Sasa msikilize. Anaongea kama babu yake. Hiyo malalia gani inageuza mtoto wa kike kuwa mzee?"

Mume wangu akamshika mama mkono amvute nyuma. Mama hakuvutika. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kututazama. Nilimwona daktari akikasirika, nikaona mishipa ya shingo yake, nikafikiri sasa atatufukuza na nitafia kwenye pikapu ya samaki.

Hakutufukuza. Akaiweka kalamu mfukoni. Akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akaendelea kushika kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kushikwa na daktari yeyote. Akabonyeza uvimbe wa mguu wangu. Akapapasa shingo yangu, mbele, chini, akiniambia nimeze mate. Kisha wakaninyanyua, wakanipigisha magoti kwenye kiti, nyayo zikining'inia nje, akanigonga nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka, halafu ukarudi polepole, kama mlango mzito unaojifunga wenyewe. Akagonga tena. Akamwita daktari mwenzake aje aone. Wakagonga wote wawili, wakatazamana.

"Sauti imekuwa hivi tangu lini?" akaniuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza lililongoja jibu.

"Mwaka... jana."

"Ungeniambia habari ya sauti mapema."

Nilikuwa nimekaa mbele yake mara tatu, nikizungumza naye kwa sauti ile ile.

Alitueleza kwamba shingoni mwa kila mtu kuna tezi inayouendesha mwili, kama mtu anayechochea moto. Yangu ilikuwa imelegea, moto umebaki majivu. Mume wangu, ambaye injini ndizo alizozielewa, akaitikia kwa kichwa mara moja, akasema, "Silensa. Mzunguko wa injini umeshuka sana." Mama akauliza mbona sina rovu, ule uvimbe wa shingoni. Daktari akasema si kila tezi inayougua huvimba. Vile vidonge vya kutuliza akasema visiguswe tena. Hakusema nani alikuwa ameviandika.

Pole hakusema, si siku ile wala nyingine.

Damu yangu ilipelekwa Dar es Salaam, kwa sababu Mwanza kipimo hicho hakikuwepo. Tukangoja. Shule zilikaribia kufungwa na majibu hayajaja. Nilikuwa nakwenda kuuliza, naambiwa bado. Narudi, naambiwa aliyekuwa na majibu ametoka. Nilianza kufikiri damu yangu imemwagika mahali fulani njiani na hakuna anayethubutu kusema. Nyumbani mume wangu alikuwa ananiamsha kila alfajiri kabla ya kwenda ufukweni, hata kama hakukuwa na sababu ya kuamka. Alikuwa anataka nijibu tu. Nikijibu, anaondoka.

Majibu yalikuja siku chache kabla ya shule kufungwa, na dawa ikaja baadaye, kwenye basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwenye boksi dogo la viberiti, kwa sababu maduka yote ya dawa tuliyouliza mjini hayakuwa nayo. Thairoksini. Kidonge kidogo kama punje ya mtama. Nilikitazama, nikaona ni dhihaka.

Sikuona kitu wiki za mwanzo. Kisha siku moja darasani, nikiwafundisha kugawanya, nikasikia kitu kinatembea mgongoni chini ya blauzi. Nikadhani ni mdudu. Nikapeleka mkono. Lilikuwa jasho. Niliacha chaki, nikageukia ubao ili watoto wasinione.

Mwalimu mkuu nilimpelekea jina la ugonjwa wangu. Akasema pole sana mwalimu, akahamia kwenye habari za mitihani. Lakini neno likishatoka halirudi. Mpaka nahama shule ile kulikuwa na wazazi walionisogelea karibu kidogo wakati wa kusalimiana, wakinusa. Kwaya nilirudi, nikasimama na sauti ya pili. Ya kwanza haikurudi yote.

Mwaka uliofuata yule daktari alihamishwa. Kwenye nafasi yake alikuja kijana mpole, mwenye tabasamu. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Mama, wewe mzima kabisa. Tuache hizi dawa, mwili usizoee."

Alisema kwa wema kiasi kwamba nilikaribia kumshukuru. Nikasikia mgongo wangu ukigusa kiti, na hofu ikanijia yote kwa pamoja, ile ya kuwasikia watoto wakilia bila kuweza kujibu.

"Nimekuwa mzima kwa sababu nazimeza, daktari."

"Lakini hapa mapigo ni mazuri, uzito mzuri..."

"Nipime damu kwanza. Ikisema niache, nitaacha."

"Kipimo mpaka Dar es Salaam, mama, unajua usumbufu wake."

"Naujua. Sitoki hapa mpaka uandike."

Nje mgonjwa mwingine akagonga mlango. Kijana akatazama mlango, akanitazama mimi. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa inatoka kwa wakati wake, neno baada ya neno, bila mlima wowote katikati.

"Ninyi walimu," akasema hatimaye, akaandika kipimo na dawa.

Nilikwenda na karatasi yake moja kwa moja kwenye duka la dawa. Muuzaji akasoma, akatikisa kichwa, akasema hiyo imekwisha, nijaribu mwezi ujao. Nikamwambia kule nyuma yake kuna simu, na mimi sina haraka, nitakaa kwenye benchi lake mpaka apige Dar es Salaam aulize lini wanaleta. Alinitazama kidogo, kisha akaivuta simu karibu yake na kuanza kuzungusha namba.