Fundo la Mkono wa Kushoto

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba akafa, na dhiki ikaingia nyumbani kwetu Quionga, kusini mwa mto Ruvuma, bila kupiga hodi. Shule niliiacha darasa la pili. Sisemi ili nionewe huruma. Nasema mjue kwamba nilivyo navyo sikupewa na mtu.

Nikapata kazi kwenye shamba la minazi. Kwenye kichanja cha kukaushia mbata, nazi kavu za kukamua mafuta, tulikuwa wawili, mimi na kijana aliyenizidi miaka minne. Yeye ndiye aliyenifundisha kufua nazi, kuchochea moto wa vifuu bila kuunguza, na kuvunja kipande cha mbata karibu na sikio: kikilia, pakia, kikinyamaza, rudisha motoni. Sheria ya pale ilikuwa moja. Kila mtu alishona mdomo wa gunia lake kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, akafunga fundo lake mwenyewe. Gunia likiota kuvu hawakuuliza jina. Walitazama fundo.

Mwaka wa tatu, wakati wa mvua, nilikuwa na haraka. Nilitaka kwenda ngomani. Nikatia mbata mbichi katikati ya gunia, kavu chini na juu, nikashona, halafu nikafunga fundo la mwenzangu. Gunia lilifunguliwa mjini Palma, limeoza moyoni, linatoa joto kama mgonjwa, likarudishwa shambani na fundo lake. Kapitao, msimamizi wetu, akatazama fundo, akamfukuza yeye. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikatazama miguu yangu. Mwenzangu hakubisha. Akavuka Ruvuma kwenda Mtwara, na baada ya miaka miwili kapitao nikawa mimi.

Hatukuonana tena mpaka mwaka huu. Nilikuwa barazani peke yangu, kama siku zote. Mke wangu alishafariki, na watoto, tulipokimbia vita vya juzi, walibaki Pemba, ule mji wa kusini kwetu, si kisiwa. Hawataki kurudi, siwalaumu. Mzee mmoja mwenye fimbo akasimama mlangoni.

"Hodi! Ndipo hapa kwa kapitao asiyejua kufua nazi?"

Nikamjua kwa sauti. "Karibu, we mzee. Nilidhani umeshakufa huko Mtwara."

"Nilijaribu. Wamenirudisha, sina karatasi."

Tulicheka mpaka tukakohoa. Nikasonga ugali mwenyewe. Akamega tonge, akalitazama.

"Ugali wa mgane huu. Una madonge ya kumuua mgeni."

Baada ya kula nikampeleka kwenye kichanja changu, nimwoneshe. Nikamwambia kwa majivuno kwamba mpaka leo, kila anayefanya kazi kwangu anafunga fundo lake. Akainama, akashika fundo la gunia moja, akaligeuza. Nikaona nisiposema sasa, nitazikwa nalo.

"Lile gunia la Palma lilikuwa langu."

"Najua," akasema. "Mimi nafunga kwa mkono wa kushoto. Lile lilikwenda kulia. Kapitao hakujua kutazama."

"Mbona hukusema?"

"Gunia lako, niseme mimi? Nilikaa Namoto, pale kivukoni, siku tatu kabla ya kuvuka. Watu wa mitumbwi wakaniuliza, kaka, unamngoja nani? Nikawaambia, yuko mtu anakuja."

Namoto kutoka shambani kwetu ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Nguvu za kucheza ngoma usiku kucha nilikuwa nazo.

Nikamwomba radhi. Akasema alishanisamehe zamani, la sivyo asingepita. Nikamwonesha chumba kitupu, kitanda kimetandikwa.

"Kaa hapa, ndugu yangu. Nyumba kubwa hii."

"Hapana. Nimekuja kukusalimu, sikuja kukaa."

Akaenda zake kwa mpwa wake, kule ng'ambo ya kijiji. Hajarudi. Na mimi siendi. Kila asubuhi nasema nitakwenda, naangalia miguu yangu.

Miaka yote hii nimewafundisha watu kwamba jina la mtu ni kazi yake. Maneno hayo niliyapata kwake, enzi zile kichanjani, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote yametoka wapi. Leo nasema.

Leo nina nyumba ya bati, vyumba vinne. Minazi sitini na miwili. Kichanja kimoja. Mizani. Shazia tano. Baiskeli na redio. Vitanda vitatu. Viti viwili vya barazani. Cha pili nilikinunua alipoondoka.