Nguo Isiyo na Mfuko

Tangu afiwe na mkewe, Fundi alikuwa akila chakula cha mchana huku simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo. Saa ya mapumziko mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, alikuwa akimpigia kutoka kwenye ghala alikokuwa akifungasha maboksi. Hawakuwa na mazungumzo ya maana. Mpwa angeuliza amepika nini, naye angedanganya kwamba ni kitu kitamu, na mpwa angecheka: "Mjomba, harufu ya kuungua naisikia mpaka huku." Kisha Fundi angerudi kwenye cherehani. Siku nzima huyo ndiye mtu pekee aliyezungumza naye habari zisizohusu kiuno na urefu wa miguu.

Ndipo akaja Mwalimu. Alifundisha sekondari, na jioni aliandaa mchezo wa jukwaani aliouandika mwenyewe. Alitaka ovaroli za kijivu, zote sawa, zisiwe na mfuko hata mmoja.

"Hata wa leso?" Fundi aliuliza.

"Hata huo."

"Sasa mtu mikono yake ataiweka wapi?"

Mwalimu aliangua kicheko, akatoa kalamu, akayaandika maneno hayo papo hapo. Yakaingia kwenye mchezo.

Toka siku hiyo akawa anapitia dukani akitoka kazini, anakaa kwenye kiti cha wateja na kumsomea Fundi mchezo wake huku yeye akishona. Ulikuwa juu ya mji ambamo kila mtu ana nyumba, anakula akashiba, na akiugua anatibiwa. Hakuna mwizi, hakuna ombaomba, kwa sababu hakuna mtu mwenye kitu anachokificha. Fundi hakuona ubaya uko wapi.

"Mbona mji wenyewe mzuri? Mimi ningehamia kesho asubuhi."

"Ndivyo ninavyotaka useme. Usipoutamani kwanza, hutauogopa."

"Lakini hao watu wana shida gani hasa?"

"Hawana shida. Ila hawana pia mtu wa kwenda kumwambia kwamba hawana shida."

Fundi alisimamisha cherehani. Hilo alilielewa bila kufafanuliwa.

Siku ya mchezo ukumbi ulikuwa nusu tupu, na wachache waliokuja walicheka mahali pa kulia. Kwenye viti vya mbele alikaa meneja wa lile ghala, aliyealikwa na Mwalimu kwa matumaini kwamba angewasaidia kwa fedha. Huyo hakucheka. Alikuwa akiziangalia nguo. Mwisho wa mchezo alipiga makofi kuwashinda wote.

Muda si mrefu Mwalimu alihamishiwa shule ya mbali, na meneja akaja dukani.

"Nataka ovaroli kama zile kwa wafanyakazi wangu wote," alisema. "Vitu vidogovidogo vinapotea ghalani. Bila mfuko, hakuna wa kushukiwa. Ni kwa faida yao."

"Lakini bosi, ule mchezo ulikuwa unatuonya."

"Niliuelewa, Fundi. Ulikuwa mzuri sana. Na wale vijana walipendeza, walionekana timu moja."

Fundi alijiambia kazi ni kazi, nguo ni nguo tu. Akashona. Alipofikia ya mpwa wake hakuhitaji kumpima. Aliipiga pasi kwa uangalifu kuliko zote.

Siku walipoanza kuzivaa, simu haikulia. Akadhani ni mtandao. Kesho yake pia kimya. Akamwomba muuza viatu wa jirani ajaribu kuipigia simu yake Fundi, nayo ikalia vizuri kabisa, wakabaki wanatazamana.

Jumapili mpwa alikuja mwenyewe. "Mjomba, usininunie. Simu tunaziacha getini siku hizi. Tukiingia nazo tutaziweka wapi?" Alisema huku akicheka.

"Wenzako wanasemaje?"

"Hawasemi kitu. Mshahara umeongezwa, chakula cha mchana tunapewa, daktari anakuja kutupima. Tumezoea."

"Mmezoea lini? Wiki haijaisha!"

"Ndiyo hivyo, mjomba."

Fundi alikwenda kumwona meneja. Aliomba kila nguo iongezwe mfuko mmoja mdogo kifuani, tena yeye mwenyewe ataishona mifuko yote kwa mkono. Meneja alimkalisha, akamletea chai.

"Mzee wangu, hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Mimi nalalamika."

"Lakini wewe si mfanyakazi wa hapa."

Wakaagana kwa kupeana mikono. Ilikuwa saa ya mapumziko, na wafanyakazi walikuwa uani. Waliosimama walikunja mikono au waliificha makwapani. Fundi aliwapitishia macho asimtambue mpwa wake, mpaka binti alipoinua mkono. Fundi naye akainua wake, na mlinzi akamwonyesha mlango.

Alimpigia Mwalimu akamsimulia yote.

"Nilidhani nikiwaonyesha wataogopa," Mwalimu alisema.

"Mmoja hakuogopa. Na mimi ndiye niliyemshonea."

"Naandika mwingine sasa."

"Andika, Mwalimu. Ila safari hii usialike mameneja."

Wakacheka kidogo, kicheko kisicho na raha, wakaagana.

Ovaroli za pili zilipohitajika, Fundi alikataa. Meneja hakukasirika. Alizipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, zikashonwa haraka zaidi. Kukataa kwake kulimpa tu nafasi ya kukaa bila kazi.

Mpwa akabaki kuja Jumapili, akiweza. Jumapili moja Fundi alikuwa amemwekea habari za wiki nzima: paa linalovuja, ndoto aliyomwota marehemu mama wa mpwa, na mteja aliyerudisha suruali akidai inambana, kumbe ni tumbo lililoongezeka. Alianza na mteja. Mpwa alicheka akiwa amefumba macho, kichwa kikamwangukia kwenye mkono wa kochi, usingizi ukamchukua.

Fundi alizima redio. Kazi ilikuwepo lakini hakuigusa cherehani, akihofia kelele zake. Alikaa tu, akimwangalia anavyopumua.

Jua lilipokuwa linazama mpwa alizinduka, akatafuta viatu. "Nimelala kweli? Mjomba, ulikuwa unaniambia nini?"

"Habari za mteja mmoja tu."

"Utanimalizia nikija tena."

"Haya, mwanangu. Nenda kabla giza halijaingia."

Alimsindikiza mpaka kona, akasimama hadi alipopotea kati ya watu. Aliporudi alikaa pale pale alipolala mpwa wake. Kochi lilikuwa bado na joto.