Gauni la Pikipiki

Harufu ya mkonge uliokamuliwa haimtoki mtu aliyelala nayo na kuamka nayo utoto wake wote. Ni harufu nzito ya majani mabichi yaliyochacha. Shambani kwetu, nje kidogo ya Kilosa, ilitoka korona, yaani kile kiwanda kilichokwangua majani hadi zikabaki nyuzi, ikaingia jikoni, ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa, na Jumapili tulikwenda nayo kanisani. Mimi nikiikumbuka, masikio nayo husikia kitu chake: pikipiki ya baba ikirudi jioni. Tuliisikia tangu ng'ambo ya reli, ikinguruma, kisha ikifika kwenye kona ya tangi la maji, chini ya kilima chetu, inanyamaza. Mama alikuwa anasimama na mwiko mkononi, hageuzi ugali. Baada ya kitambo inawaka tena, na baba anaingia uani akitabasamu kama mtu asiye na lake jambo.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na baba alikuwa dresa wa shamba. Hakuwa daktari, ingawa manamba, wale vibarua wa mkataba, walimwita hivyo na yeye hakujisumbua kuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kuzunguka makambi ya wakata mkonge na mfuko wa dawa, kufunga vidonda na kugawa kwinini. Nilipokuwa mdogo zaidi aliifanya kazi hiyo kwa miguu, akalala huko huko makambini, na nyumbani tulimwona Jumapili tu, amechoka, anasinzia mezani. Halafu meneja akampa pikipiki kuukuu iliyokuwa imelala stoo, imechunika rangi, kiti kimepasuka. Tangu siku hiyo baba akawa analala nyumbani. Kwa hiyo nisimfiche msomaji: niliipenda pikipiki ile kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Nilikuwa naisalimia asubuhi kabla ya kwenda shule, shikamoo kabisa, na baba aliitikia kwa niaba yake.

Taabu ilikuwa miiba. Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani, na njia za makambini zilipita katikati ya mistari ya mkonge uliojaa hadi kukutana. Baba alirudi na miguu iliyochanika, suruali ina matundu. Mama, binti wa milimani aliyefundishwa ushonaji na masista na hakuruhusu mtu asahau jambo hilo, akaamua kuimaliza taabu hiyo. Alikusanya nyuzi fupi zilizotupwa na kiwanda, akazisokota, akasuka kitu kipana na kinene chenye pindo jekundu, cha kufungwa mbele ya pikipiki kikashuka kulia na kushoto, kikaficha kila kitu hadi kwenye kanyagio. Vidole vilimwasha hadi vikavimba, na hakupumzika. Kilipokamilika majirani walikuja kukitazama, wakakiita gauni. Mama mmoja wa jirani alisema pikipiki ya dresa inavaa vizuri kuliko wanawe, na mama yangu alitembea na sifa hiyo juma zima.

Ndipo pikipiki ikaanza kuugua. Ilikwenda vizuri asubuhi, lakini ikipanda mwinuko wa kuelekea Munisagara ilipata joto kali, nguvu zikaisha, ikazimika, na baba alilazimika kukaa kando ya njia hadi ipoe. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni uzee. Mpishi wa meneja alishauri imwagiwe maji ya baridi, na baba akamwambia kwamba mgonjwa wa homa hatupwi mtoni. Kwa kweli pikipiki aliitibu kama mgonjwa, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kufikiri. Alichuchumaa mbele ya injini, akaisogezea kiganja, akauliza kwa sauti: joto linapanda saa ngapi? Likipanda, anakohoa? Anakunywa oili kiasi gani? Kisha alibadilisha kitu kimoja kimoja, kila siku kimoja, ajue ni dawa gani iliyofanya kazi. Alimwaga oili akatia mpya. Alisafisha kabureta, huenda tundu lake la petroli limeziba. Alifungua plagi akatuonyesha ncha yake ilivyokuwa nyeupe kwa kuungua. Alikwangua masizi ya ekzosi. Aliinua gurudumu akalizungusha, kuhakikisha breki haing'ang'anii. Joto likabaki pale pale.

Baadaye akatuambia mgonjwa anaendelea vizuri. Lakini kwenye ile kona ya tangi la maji pikipiki ilizidi kuzimika, sasa kila jioni bila kukosa. Kilimani juu, karibu na nyumba yetu, alikaa nyapara Mzee Komba, na yeye alisikia tulichosikia sisi. Hakuwa mtu mbaya. Aliulizwa na meneja, akajibu kweli: mashine ya dresa inakata roho kila siku pale chini. Meneja akamwita baba, akamwambia chombo kinachoshindwa na kilima kidogo hakiwezi kukabidhiwa dawa za watu. Pasaka ikipita pikipiki irudi stoo, na dresa ahamie kambi ya wakata kuni upande wa Kidete, alale huko. Baba alitueleza wakati wa chakula, kwa maneno machache. Mimi nililia waziwazi. Mama alikwenda kulia nyuma ya nyumba, alikodhani hatumsikii.

Kesho yake mama alikuwa anafua. Nilimwona ameinua suruali ya baba, anaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa na matundu mapya ya miiba, mengi, na damu kavu. Akaiweka chini, akaenda kulitazama gauni pale lilipofungwa. Lilikuwa safi. Halina tope, halina uzi hata mmoja uliochomoka. Siku iliyofuata, jua lilipoanza kulegea, alijifunga kanga, akanishika mkono, tukashuka hadi kwenye tangi la maji, tukakaa juu ya jiwe nyuma yake.

Baba alifika, akazima injini. Alishuka, akafungua mfuko uliokuwa nyuma ya kiti, akatoa gauni lililokunjwa vizuri. Akapiga magoti akaanza kulifunga mbele ya pikipiki, kwa uangalifu, akinyoosha pindo jekundu lisikae upande.

"Baba Debora," mama akaita, "mgonjwa wako ana joto gani leo?"

Baba alishtuka akaangusha kamba. Akatutazama, akaitazama pikipiki, kana kwamba itamsaidia kujibu.

"Hana homa," akasema. "Tangu nilipomvua, hana homa kabisa. Injini hii inapozwa na upepo, mama Debora. Upepo ulikuwa haumfikii."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulisuka mpaka vidole vikavimba."

"Na meneja? Huyo naye alisuka?"

"Ningemwambia meneja, kesho kiwanda kizima kingekuwa kinakucheka."

"Kwa hiyo ukaona afadhali wakupeleke Kidete?" Mama sasa alikuwa analia na kucheka pamoja, na mimi sikujua nifuate lipi. "Wewe mwanamume wewe! Nilikusukia hilo gauni ili urudi kwangu na miguu mizima. Kama halikurudishi, la kazi gani?"

Akalifungua mwenyewe, akalikunja. Kisha, yeye ambaye alikuwa hajawahi kukipanda kile chombo, akakaa nyuma kwa upande, gauni mapajani. Mimi nikawekwa mbele juu ya tangi la petroli. Baba akapiga kiki. Tulikipanda kilima watu watatu, bila kusimama, na mbele ya nyumba ya nyapara baba alipunguza mwendo makusudi.

"Shikamoo Mzee Komba!" nikapiga kelele.

"Marahaba, marahaba!" akaitikia, mdomo wazi, akisimama kutoka kwenye kigoda. Tukamwacha akitazama. Jioni ile ile alikwenda kwa meneja, na habari za Kidete zikaishia hapo. Gauni mama alilifumua, akasuka vikinga viwili vya kufunga miguuni, na baba alivivaa hadi alipoacha kazi.

Sasa naishi Mikumi, karibu na barabara kuu. Shamba lile mikonge imebaki michache, pori limeingia. Wajukuu wangu wana pikipiki mpya, na wao na wake zao huambiana kila kitu kwa simu, hata mambo ambayo yangeweza kungoja. Siwalaumu. Huenda tungekuwa na simu mama asingelia nyuma ya nyumba. Lakini sijaona bado anayechunwa miguu kutwa nzima ili mkewe asichekwe.

Baba alitangulia, na mama nikamchukua, akazeeka kwangu. Mwishoni alikuwa amesahau mengi, hata jina langu, Debora, siku nyingine. Jioni moja mwanangu alizima pikipiki nje ya ua, akakawia kuingia, nami nikainuka nimwite. Mama alinishika kanga, akanikalisha chini.

"Usimwite kwanza," akasema, akitabasamu. "Anafunga gauni."