Soksi za Saa Kumi na Moja

Bi Mkasi hakupewa jina hilo kwa sababu ya ushonaji. Alipewa kwa ajili ya ulimi. Mteja akileta kitambaa pungufu, aliambiwa papo hapo akatafute mwili wa kukitosha. Lakini miaka thelathini na nane ya kukanyaga cherehani ilimwachia mishipa iliyojisokota miguuni, na daktari akaamuru soksi za kubana, ndefu hadi magotini, zivaliwe kutwa nzima.

Kuvaa alijiweza, kwa glavu za mpira, angali kitandani. Kuvua ndiko kulikomtoa jasho, maana jioni miguu imejaa na mgongo haukubali kuinama. Mwanawe ni dereva wa malori, nyumbani huonekana kama mgeni. Basi kazi ikamwangukia mke wa huyo dereva, anayefungasha mikate kiwandani. Kila siku saa kumi na moja alipita, akapiga magoti, akavuta soksi huku akimmwagia mama mkwe umbea wa kiwandani. Bi Mkasi alicheka mpaka machozi. Kutwa nzima hakuwa na kicheko kingine.

Wiki tatu nyuma nesi alimpa kijiti cha plastiki, kirefu kama mkono, chenye ncha pana iliyopinda. Unakipenyeza kati ya soksi na mguu, unasukuma kwenda chini, soksi inashuka nacho mpaka inapita kisigino. Siku mbili tu Bi Mkasi akawa bingwa. Ncha ilimkwaruza, akaivalisha kitambaa laini cha atilasi kwa mshono wa kuficha, kazi ambayo hata bibi harusi asingeikataa. Mchana alivua, akapumzisha miguu, kisha akavaa tena kwa taabu ili jioni mkwe akute kazi. Kijiti kikalala kwenye droo ya cherehani. Alijua anamkosea mtoto wa watu, na bado alifanya.

Jumatatu mkwe alikuja na habari. Kiwandani wanataka awe msimamizi wa zamu ya jioni, na jibu linatakiwa Ijumaa.

"Zamu inaanza saa kumi, mama. Sasa miguu yako itakuwaje?"

Hapo ndipo mwenye haya angefungua droo. Bi Mkasi akasema, "Usinifikirie mimi, mwanangu," kwa sauti ile ya kumfanya mtu asifikirie kingine.

Siku nne zikapita. Kila alipokaa kushona, droo ilimgusa goti, na nafsi ikamsuta. Ijumaa akaazimia kusema. Mkwe akamtangulia, hata viatu hajavua.

"Nimewaambia hapana. Miguu yako kwanza."

Bi Mkasi akafungua droo. Akapenyeza kijiti, akasukuma, na soksi ya kushoto ikaanguka sakafuni.

"Nesi kanipa leo asubuhi," akasema. Hata kuungama aliungama nusu.

Mkwe akakichukua kijiti, akapitisha kidole kwenye ncha. Kushona alifundishwa na Bi Mkasi mwenyewe.

"Atilasi imeshachakaa, mama. Na uzi umeanza kuachia. Tangu lini?"

"Hii wiki ya tatu."

"Kwa hiyo Jumatatu ulikuwa nacho."

"Nilikuwa nacho. Nisamehe."

Mkwe akatoka na simu. Dirishani alisikika akisema sawa, basi, hapana, si kitu. Akarudi akasimama katikati ya chumba.

"Wameshampa mwingine."

Bi Mkasi akaifunga droo, sasa ikiwa tupu.

"Ungesema tu unataka nije tukae," mkwe akasema. "Ningekuja hata asubuhi, kabla ya zamu."

Kisha akapiga magoti, akaivua soksi ya kulia kwa mikono yake, taratibu, asimuumize. Bi Mkasi alikuwa tayari kwa matusi, aliyasubiri, aliyatamani. Mkwe akazikunja soksi zote mbili, akaziweka kitandani, akaaga kwa adabu kama siku zote.