Siku Habiba Alipouza kwa Hasara

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Tawi aliniuliza kabla sijakaa, "Karimi, mteja akinunua hisa zikaanguka, hasara ni ya nani?"

"Ni ya mteja, bwana."

"Basi mwambie hivyo kabla hajanunua. Baadaye hatakusikia."

Nyinyi vijana mnanunua hisa kwa simu. Sisi mawakala tulipokea maagizo ya wateja ana kwa ana, tukayapeleka kwa dalali aliye na kibali cha kununua na kuuza kwenye soko la hisa. Nilianzia Nairobi chini ya Msimamizi wa Maagizo, mtu asiyecheka, nikahamishiwa Meru, kisha Isiolo, na huko ndiko nilikostaafia.

Isiolo, ambako wateja waliniita Mama Kendi kwa jina la binti yangu, nilimpata Habiba, mama wa mtaa wa Chechelesi aliyenunua mbuzi Garbatulla na kuwauza mjini. Wakati huo mji wote ulikuwa unazungumzia kampuni moja changa ya kuchimba madini. Haikuwa imepata faida bado, lakini bei ya hisa zake ilikuwa ikiruka. Hizo ndizo tuliziita hisa za kubahatisha: unanunua tumaini.

"Salaam aleikum, Mama Kendi," Habiba alisema. "Na mimi nataka hizo."

"Aleikum salaam. Pesa za mifugo zote?"

"Hapana. Hizi ni zile naweza kukosa na watoto bado wakule."

Tukakubaliana kikomo cha hasara, yaani bei ambayo ikifikiwa anauza bila mjadala. Shemeji yake, Guyo, alikuwa ameuza ng'ombe karibu wote akanunua zilezile. Kabla hajanunua nilimwonya mbele ya Habiba, akanipungia mkono tu. Kikomo hakutaka.

Bei ilipanda, halafu ikaanza kushuka. Ilipofika kwenye kikomo, Habiba alikuja, macho mekundu. Guyo alimfuata hadi mlangoni.

"Shemeji, ngoja! Itarudi!"

"Ikirudi, irudi bila mimi. Mama Kendi, uza."

Nikauza. Wiki iliyofuata bei ikapanda tena, juu kuliko mwanzo. Kwenye soko la mifugo watu walimcheka waziwazi. Alipita ofisini akaketi mbele ya meza yangu.

"Inaniuma," akasema. "Inaniuma sana. Lakini kuumwa si sababu ya kununua."

Akaenda kwa mbuzi wake.

Mwezi haukuisha kabla kampuni ile haijatangaza kwamba madini hayapo. Bei ikaporomoka, na soko la hisa likasimamisha biashara ya hisa zake, kwa hiyo hata aliyetaka kuuza hakuweza. Ofisi ikajaa watu. Guyo alikuwa mbele, akipiga meza yangu.

"Wewe mama ndiye ulituuzia! Rudisha ng'ombe zangu!"

Habiba akapenya katikati ya watu.

"Guyo, nani alikushika mkono? Na mimi nilinunua. Hasara nilipata, na ni yangu, sikuipeleka kwa mtu. Huyu mama alikuonya, nikisikia kwa masikio yangu."

Guyo akaondoa mkono mezani, akakaa sakafuni, mwanaume mzima, akalia. Halafu akasema, "Ni kweli. Alinionya. Ni mimi." Wengine wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Habiba alimpa shemeji yake mbuzi majike aanze upya. Yeye mwenyewe, kwa pesa alizookoa, alinunua hisa za kampuni kongwe inayotoa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Alikaa nazo miaka mingi bila kuyumba. Leo ana bucha mbili mjini na gari lake la kubebea mifugo.

Nimestaafu sasa. Wateja waliobahatika kuliko Habiba niliwaona, na wengi walirudi mikono mitupu. Siku ya kuniaga, Guyo alisimama mbele ya wafugaji waliokuja kutoka mbali, hata Korbesa. Nilidhani atanisifu mimi.

"Mimi nilipoteza ng'ombe zangu mwenyewe," akasema, kichwa juu, "na hizi nilizo nazo leo nimezitafuta mwenyewe."

Ukumbi mzima ukapiga makofi, na aliyeanza kusimama ni Habiba.